Pale Ardhi Ilipoanzia

Gisenyi, Jumamosi alasiri

Kevine wangu,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako Rugerero, nami nimeketi barazani na daftari la marehemu baba yako, lile lenye kurasa tupu nyingi kuliko zilizoandikwa. Sanduku lako nimelifungua mara mbili na kulifunga mara mbili bila kuongeza kitu. Mambo ya blanketi, ya chandarua, ya kutomwazima kila mtu simu yako, hayo umeyasikia hadi umeanza kuyaimba pamoja nami kama wimbo wa kanisani. Leo nakuhurumia. Nina jambo moja tu la kukwambia, na limenikaa kooni tangu ulipokuwa sekondari.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu unamjua mama yako. Kinyarwanda nakisema bila shida, ila nikikiandika utadhani ni barua ya mtoto wa chekechea. Shule yangu yote niliisomea Karagwe, Tanzania, kabla hatujarudi nyumbani. Baba yako, mtoto wa Goma, alinicheka kila siku ya ndoa yetu. "Mama Kevine, we unaongea Swahili ya kitabu, mutu anaogopa hata kukujibu." Nami nikimwambia chake kilidondoka kutoka kwenye lori la mkaa, hakuna aliyekiokota. Mungu wangu, jinsi nilivyomkumbuka mtu yule wiki hii. Angekuwapo, sanduku hili angelifunga yeye, na pengine barua hii isingehitajika kabisa.

Jumatatu utaketi nyuma ya meza katika ofisi ya ardhi ya wilaya huko Kusini. Watu watakuletea michoro ya nyumba zao, nawe utasema hii ipande, hii isipande. Siku ya sherehe yako ya kumaliza chuo ulisimama mbele ya wageni ukasema kwamba ulichagua kazi hiyo kwa ajili yangu. Ulisema, "Mama alikuwa mjane, peke yake, akamshinda mwenye nyumba kubwa kwa sheria tupu." Watu wakapiga makofi. Hukuona kwamba nilikimbilia jikoni. Nilikwenda kukoroga sufuria ambayo haikuwa motoni.

Sheria ilikuwa sheria kweli, mwanangu. Mimi ndiye sikuwa mkweli.

Umewahi kujiuliza kwa nini uwanja wetu ni tambarare? Mtaa mzima umelala ubavuni mwa kilima. Kwa majirani mpira ukiponyoka watoto huufuata hadi barabara ya ziwani. Kwetu hauendi popote. Hapo ndipo ulipojifunzia kutembea, ukiwa na miezi kumi, ukimfuata jogoo mwekundu ambaye baadaye tulimla Krismasi na wewe ukakataa kabisa kumwonja. Nilidhani nitakueleza habari za uwanja huo ukiwa mkubwa. Ukawa mkubwa, nikanyamaza.

Tulipokipata kiwanja hiki, wewe ulikuwa tumboni. Kilikuwa mteremko wa kumtoa mbuzi jasho. Baba yako alitaka nyumba yenye baraza linalotazama ziwa, na mbele yake uwanja uliosawazishwa, lakini udongo wa kujazia ungetoka wapi? Tulikuwa tumesimama hapo tukibishana, yeye na Swahili yake, mimi na Kiswahili changu, ndipo Papa Deo akapanda kutoka chini. Wakati ule hatukumjua. Alikuwa mchuuzi wa viazi, akivinunua Bugeshi na kuvileta sokoni, naye pia alikuwa amerudi kutoka Kongo na mkewe na watoto. Kiwanja chake kinapakana na chetu upande wa ziwa. Wakati huo alikuwa na kijumba kidogo mwisho kabisa kule chini, na sehemu ya juu ilikuwa haina kitu isipokuwa mparachichi mmoja.

"Munatafuta udongo? Si huu hapa? Muchimbe kwangu, mi sina kazi nayo."

Baba yako akauliza waandikiane karatasi gani. Papa Deo akakunja uso. "Karatasi ya udongo? Bon, na ile hewa munavuta, muiandikie yake." Ikaishia hapo.

Walichimba wiki tatu. Baba yako akitoka kazini kwake kule kiwanda cha bia cha Rubona, anateremka kwenye basi dogo, anabadilisha shati, anashika sepetu. Papa Deo mwenyewe alichimba naye. Mimi na tumbo langu nilikuwa nikiwapelekea uji wa mtama, na Mama Deo alikuwa akinifokea nisibebe kitu. Shimo lilipokwisha lilimfika baba yako kifuani, na unajua hakuwa mfupi. Udongo wote ulipanda huku kwetu. Kila unapokanyaga uwanja huu, unakanyaga ardhi ya Papa Deo.

Kitu kimoja tu alikikataza. "Avoka yangu musiguse." Kwa hiyo walichimba kuuzunguka ule mparachichi, ukabaki umesimama peke yake juu ya kichuguu cha udongo, mizizi ikiwa palepale ilipokuwa tangu mwanzo na ardhi yote ya pembeni imeshuka. Unakikumbuka kichuguu hicho vizuri kuliko mimi. Wewe na wajukuu wa Papa Deo mlikifanya meli, mlikifanya kanisa, mlikifanya mpaka wa Goma, na wewe ulikuwa afisa wa mpaka unayemzuia kila mtu. Ulimwita babu hadi darasa la tano, na hakuna aliyekusahihisha.

Baadaye Papa Deo alipofanikiwa kidogo alijenga ile nyumba yake, ndani ya shimo lenyewe. Chini stoo ya viazi, juu yake vyumba vya kuishi. Paa lake likafika usawa wa baraza letu, nasi tukaendelea kuliona ziwa juu ya mabati yake. Jioni baba yako alikuwa akikaa kwenye kiti hiki nilichokalia sasa, akingoja mitumbwi ya kuvulia dagaa wa sambaza itoke, ile inayofungwa mitatu mitatu, wavuvi wakiimba. Hata alipougua alitaka kukaa hapa. Siku mbili kabla hajafa alikuwa hapa, na shuka la hospitali magotini. Ndiyo sababu ziwa lile kwangu halikuwa maji. Lilikuwa yeye.

Mwaka uliofuata Papa Deo alikuja kunitembelea. Hakutuma mtu, alikuja mwenyewe na kofia mkononi. Mama Deo alikuwa mgonjwa wa kifua, na vyumba vyao vya nyuma vinagusana na kilima, vinatoka maji ukutani msimu wa mvua. Daktari alisema alale mahali pakavu penye jua. Alitaka kuongeza ghorofa moja juu, chumba cha mkewe kikitazama ziwani, na kibali alikuwa nacho. "Nimesema nikuambie we wa kwanza, kabla ya fundi."

Nilimpa chai. Nikatabasamu, Mungu anisamehe, nikasema ni jambo zuri. Alipotoka tu, nikavaa kitenge cha kutokea nikaenda wilayani kusoma mpango wa ujenzi wa mtaa wetu uliobandikwa ubaoni. Ulisema nyumba za upande huu zisizidi ya chini na ghorofa moja juu yake. Halafu ulisema kimo kihesabiwe kutoka kwenye ardhi ilivyokuwa kabla haijachimbwa. Niliusoma mstari huo mara nyingi, hadi karani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Unaelewa, wewe uliyesoma mambo haya. Ukihesabu kutoka kwenye ardhi ya zamani, stoo ya viazi imo ndani ya udongo, haihesabiwi, na Papa Deo ana haki yake kamili. Ukihesabu kutoka chini ya shimo, nyumba yake ina sakafu tatu, amevunja sheria. Na ushahidi wa mahali ardhi ilipokuwa ulikuwa mmoja tu, umesimama pale kwenye kichuguu na kuzaa maparachichi.

Wiki iliyofuata nilimlalamikia kwamba maparachichi yanaharibu bati la banda letu la kuku kule mpakani. Bati moja lilikuwa limebonyea, ndiyo, tena kwa miaka mingi. Alikuja siku ileile na shoka. "Pole sana, Mama Kevine, ungesema zamani." Aliukata mti, akang'oa kisiki, akakisawazisha kichuguu chote kwa jembe. Wewe ulilia ukakataa chakula. Nilikwambia ni kwa ajili ya bati. Halafu akiwa amesimama pale chini, anajifuta jasho, akaniuliza kama udongo ule wa kichuguu nauhitaji uwanjani. Nikasema ndiyo. Akaupandisha kwa toroli.

Nimeliandika hili, nikashuka uwanjani nikaukanyaga, kisha nikarudi kwenye daftari.

Alipoanza kujenga, nikashtaki. Kwanza kwa wapatanishi wa mtaa, wale abunzi, pale chini ya bati la ofisi ya serikali ya mtaa. Papa Deo alisema neno moja tu. "Ardhi ilikuwa juu. Mama Kevine anajua." Watu wote wakanigeukia. Nikasema, kwa Kiswahili changu safi cha kitabu, "Mimi naiona kama ilivyo." Mzee mmoja wa wapatanishi akamuuliza, "Kama ardhi ilikuwa juu, udongo ulikwenda wapi?" Papa Deo alinitazama. Angesema sentensi moja tu ningezama. Akasema, "Ilienda tu."

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba alikosa la kusema. Uongo. Yeye alishatoa, na mtu wa namna yake akishatoa hataji tena. Kutaja udongo ule mbele ya watu kungekuwa kumsimanga mjane wa rafiki yake, na heri apoteze ghorofa kuliko kusimanga. Mimi nilijua kwamba hatasema. Nililijenga shauri langu lote juu ya adabu yake.

Shauri likaenda mahakamani. Mpima akaja na kile chombo chake cha miguu mitatu, kijana mstaarabu, akauliza kama kuna karatasi yoyote ya zamani. Hakukuwa na karatasi. Akapima kutoka chini ya shimo, akaandika. Nikashinda. Ukuta wa ghorofa ulikuwa umefika kwenye madirisha, na mafundi waliutoa tofali moja baada ya jingine kwa siku nne. Wewe ulitoka shule siku ya mwisho ukanikumbatia.

Mama Deo akapelekwa kwa binti yao Musanze, kwenye nyumba kavu. Huja Pasaka na Krismasi, hukaa siku mbili, kifua kinabana, anarudi. Papa Deo anaishi peke yake pale chini, mtu wa umri ule, akijipikia maharage. Na mimi? Nimebaki na ziwa langu. Jioni ya kwanza baada ya mafundi kuondoka nilikaa kwenye kiti hiki ningoje mitumbwi. Nikagundua kwamba macho hayafiki majini. Yanaishia kwenye paa la Papa Deo, yanatafuta kama kuna moshi jikoni. Mpaka leo ni hivyo.

Majuto ni mjukuu, husemwa, na wangu ameota ndevu. Sikuandikii ili nikufundishe kazi. Mimi najua kuuza vitenge tu, wewe ndiye mwenye shahada. Lakini nimekuwa mbele ya meza kama yako, na naweza kukwambia jinsi mambo yanavyoonekana kutoka upande ule. Niliyekuwa na maneno mengi ndiye niliyekuwa nikificha. Niliyekuja na nakala za sheria zilizopigwa mstari kwa kalamu nyekundu ndiye niliyeukatisha mti wa ushahidi. Aliyenyamaza ndiye mwenye haki. Sisemi kila anayenyamaza yuko hivyo. Wengine hunyamaza kwa sababu kweli hawana la kusema, nawe utawajua. Ila yule mpima kijana, laiti angemvuta Papa Deo pembeni na kumuuliza mara ya pili, bila mimi kusikia. Sikuwahi kumlaumu. Nimemtamani tu.

Sasa nikwambie ya leo asubuhi. Wewe ulikwenda kwenye kazi ya umma, umuganda, na vijana wa kwaya, kule juu. Sisi wa huku tulipewa mtaro wa barabara tuusafishe. Kiongozi wa mtaa anatugawa wawili wawili bila kutazama nyuso, akaniweka na Papa Deo. Tulifanya kazi kama saa nzima, yeye anachimba tope, mimi nalizoa, hakuna salamu. Halafu akasema, bila kuinua kichwa:

"Mutoto anaenda kesho?"

"Anaenda."

"Iko na kazi?"

"Anayo. Ofisi ya ardhi. Vibali vya ujenzi."

Akacheka, Kevine. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu kesi ile. "Eeh. Basi ni muzuri. Muambie asikuwe mukali sana na wazee."

Nikaweka sepetu chini. Nilimwambia yote palepale mtaroni, tope likiwa magotini, mbele ya watu wanaojifanya hawasikii. Nilimwambia habari ya ubao wa wilaya, habari ya bati, habari ya shoka. Nililia kama mtoto. Yeye alisikiliza hadi mwisho, akafuta jembe lake kwenye majani.

"Mi nilijua unajua," akasema. "Ile siku ya avoka nilijua. Nilisema, huyu anachunga ziwa ya mume wake. Nilisema itapita."

"Haikupita."

"Hapana. Haikupita."

Nikamwambia Jumatatu nitakwenda wilayani na maelezo yangu, yenye sahihi yangu na kidole gumba juu yake, nieleze ardhi ilikuwa wapi na udongo ulikwenda wapi, ili aombe kibali upya. Kama kuna adhabu ya kusema uongo, waniandikie. Unajua aliniuliza nini? Hakuuliza itachukua siku ngapi. Aliuliza, "Na ile ziwa ya mume wako, donc, utafanyaje?"

Nikamwambia baba yako angeona aibu kuliona ziwa kwa bei ile. Ni kweli. Katika mambo yote niliyoyaandika hapa, hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba nilimfanyia marehemu ukumbusho ambao yeye mwenyewe angeubomoa kwa mikono yake. Alimpenda Papa Deo. Nililinda ziwa nikasahau kwamba kila alipokaa hapa, kabla ya kutazama maji, alikuwa akipunga mkono chini kule na kupiga kelele, "Jirani, umeshakula?"

Kwa hiyo ukija likizo, pengine hutaliona ziwa kutoka barazani. Utaona dirisha. Nimejaribu leo kulitazama mara ya mwisho-mwisho, nikaona ni upuuzi, ziwa halihami. Nitateremka barabarani nilione huko kama watu wengine.

Nililoliogopa kuliko wilaya, kuliko hakimu, ni wewe. Umejenga kazi yako juu yangu, na leo nachimba chini yake. Niliwaza nikuache uende na furaha yako, nikueleze mwakani, nikueleze ukishaolewa, nikueleze nikiwa kitandani sina nguvu ili unihurumie. Halafu nikafikiria Jumatatu yako, mjane fulani ameketi mbele yako na nakala zake zenye mstari mwekundu, nawe unamwamini haraka kwa sababu anafanana na mama yako. Hapo nikachukua daftari.

Una haki ya kukasirika. Usinijibu haraka kwa adabu, nakujua, una adabu nyingi za kuficha mambo, umezirithi kwangu. Kasirika kwanza. Simu yangu itakuwa wazi siku utakapotaka.

Barua hii nitakupa asubuhi stendi, mlango wa basi ukiwa unafungwa, kwa sababu mama yako ni mwoga. Isome kabla hamjafika Musanze. Mchana huu nimempigia Mama Deo. Nimemwambia mwenyewe, usiniongezee wala usinipunguzie. Alikohoa kwanza. Kisha akauliza, "Kevine anajua?" Nikasema utajua njiani. Akasema, "Basi ashuke kwangu kwanza, akule, ndiyo aendelee. Basi iko mingi."

Shuka, mwanangu. Mwambie chumba chake kitajengwa, wewe ndiye utakayemweleza hatua za kibali kwa lugha anayoielewa. Kula atakachokuwekea. Na akinisema vibaya, usinitetee.

Mama yako